UZI: Kwa nini ndorobo wanapenda bluu? Nilishona mitego nane wakanipita kama hawanioni, kumbe kosa lilikuwa kwenye macho yao siyo kwenye cherehani

Ticha wa Porini (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma nawaambia mapema teremkeni chini mkaweke like muondoke zenu.

Mimi ni ticha wa baolojia huku Simanjiro, na kwa kuwa mshahara ukifika tarehe kumi unakuwa umeshakata roho, nafuga na ng'ombe kidogo. Mwaka jana ndorobo (mbung'o, wale nzi wa kunyonya damu) walituzidi kabisa, ng'ombe wanakonda, manyoya yanasimama, ukipitisha pikipiki kwenye pori la chini unafika na vidonda mgongoni kama umechapwa. Sasa sisi tuko jirani na Tarangire na kila aliyeingia hifadhini ameshaziona zile bendera za bluu na nyeusi zimetundikwa kwenye miti, zile zina dawa, ndorobo anazifuata anatua anakufa. Nikasema ah, hii si kitambaa tu? Nikaenda mjini siku ya soko nikanunua bluu na nyeusi, fundi akanishonea nane, nikachovya kwenye dawa ya kuogeshea mifugo, chini ya kila mmoja nikazika chupa ya mkojo wa ng'ombe uliokaa maana harufu nayo inawavuta. Nikasubiri.

Siku ya tatu nimeenda kuhesabu maiti. Mtego wa kwanza wawili. Wa pili hakuna. Wa tatu mmoja na huyo mmoja nina wasiwasi alikufa kwa uzee. Wakati huohuo mimi mwenyewe nimevaa jinzi naliwa kiunoni laivu. Mzee mmoja wa Kimaasai jirani yangu akapita na mbuzi wake akasimama akaniangalia akasema, "Mwalimu, unaanika nguo za nani huku porini?"

Iliniuma aisee. Ndo nikaanza kutafuta, na nilichokikuta kimenifanya nifundishe ile mada ya jicho upya kabisa kidato cha tatu. Kwa kifupi bluu yangu haikuwa bluu ya ndorobo. Kwa macho yangu na ya muuza duka na ya fundi ilikuwa bluu safi, kwa jicho la ndorobo ni kitu kingine.

Iko hivi. Ndani ya seli za jicho, liwe lako au la nzi, kuna kitu kinaitwa opsini. Ni protini, imejikunja inatoboa ukuta wa seli mara saba, inaingia inatoka inaingia inatoka kama sindano ya fundi anayedarizi, na katikati ya hiyo mikunjo imekumbatia kijitu kidogo kinachotokana na vitamini A, tukiite retinali. Hicho ndo kinachomeza mwanga. Kikiwa gizani kimepinda, fotoni moja (chembe ya mwanga) ikikigonga kinanyooka, na kile kunyooka kinaisukuma ile protini nayo inabadilika umbo, huko ndani seli inapata habari kwamba mwanga umeingia, umeme unaenda kwenye ubongo. Basi. Kuona kote kunaanzia na kijitu kilichopinda kunyooka.

Sasa rangi inatoka wapi? Retinali ikiwa peke yake inapenda mwanga wa nanomita kama 380 hivi (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ukingoni kabisa mwa kile tunachokiona sisi. Ni ile protini iliyoikumbatia ndo inaihamisha, ikiibana hivi inameza bluu, ikiibana vile inameza kijani. Badilisha asidi amino (vipande vinavyounda protini) chache tu karibu na hapo ilipokaa retinali na umehamisha rangi. Mwaka 2003 walionyesha kwa inzi wadogo wa matunda, hawa wanaozunguka ndizi mbivu jikoni, kwamba asidi amino moja tu, lisini ikikaa sehemu fulani, ndo inafanya opsini imeze urujuanimno (UV, mwanga tusiouona sisi), ukiibadilisha hiyo moja inahamia kwenye mwanga wa kawaida. Moja wakuu, kwenye mnyororo wa asidi amino mia tatu na kitu!

Kwa hiyo mdudu anaona rangi gani inategemea ana opsini za aina ngapi na kila moja imekaa wapi kwenye hiyo mistari ya nanomita. Sisi binadamu tunazo tatu za rangi, vilele vyake ni karibu 420, 530 na 560. Nyuki naye ana tatu ila zake ni 344, 436 na 544. Angalia hapo vizuri, zote zimesogea kushoto, kwenye namba ndogo. Yeye anaona urujuanimno ambayo wewe huioni, na nyekundu ambayo wewe unaiona yeye imempita.

Nanywa maji kwanza, narudi kwenye ndorobo.

Kijana wa Buza

Uzi bila picha ni chai ya rangi bila sukari. Ila endelea mkuu, nimeweka kigoda mbele.

Mama Sabuni

Ticha mimi nimesoma HKL, masomo ya sanaa, haya mambo yananipita kushoto lakini hapo kwenye sindano ya fundi nimekuelewa, mimi ni fundi. Kumbe vitamini A ndo inaona? Kwa hiyo ndorobo anakula karoti? 😂

Ticha wa Porini

Mama Sabuni unacheka lakini swali lako ni la maana kuliko unavyodhani. Wale inzi wa matunda wa maabara ukiwafuga vizazi kadhaa kwa chakula kisicho na vitamini A wala ile rangi ya kwenye karoti, jicho lao linapoteza nguvu vibaya sana, seli zipo ila opsini hazina cha kukumbatia. Karibu hakuna mnyama anayeitengeneza hii kitu kutoka sifuri, karibu wote tunaipata kwenye chakula. Ndorobo yeye anaipata kwenye damu anayokunywa, wewe kwenye mchicha.

Turudi porini. Utafiti wa mitego ya rangi haukuanza jana. Wafaransa wawili, Challier na Laveissière, walitoa mtego wao wa koni mbili mwaka 1973 huko Afrika Magharibi, na mwaka 1977 koni ya chini ikafanywa bluu. Miaka ya 80 Zimbabwe, kule bonde la Zambezi, kina Glyn Vale walihangaika na vitambaa vya kila rangi. Kilichotoka ni hiki, bluu inamwita ndorobo kutoka mbali, nyeusi inamfanya atue. Ndo maana mtego unakuwa na zote mbili, bluu peke yake anakuja anazunguka anaondoka.

Ila kitu ambacho mimi sikukijua ni kwamba wale jamaa hawakuishia kusema "bluu". Walipima kila kitambaa kwa mashine kinarudisha mwanga gani kwa kiasi gani kwenye kila nanomita, halafu wakalinganisha na idadi ya nzi walionaswa. Wakakuta mwanga wa bluu kama 460 hivi ukirudi kwa wingi nzi wanaongezeka, lakini kitambaa hichohicho kikirudisha na urujuanimno nzi wanapungua, na kikirudisha na kijani na njano nao wanapungua. Umeelewa hapo? Haitoshi bluu iwepo, inatakiwa bluu iwepo na jirani zake wasiwepo!

Na hii inaeleweka ukikumbuka opsini. Ndorobo hana chombo kichwani kimeandikwa BLUU. Ana seli zenye opsini za urujuanimno, za bluu, za kijani, na ubongo unachofanya ni kulinganisha, hii inapiga kelele kiasi gani kuliko ile. Majani yote ya porini yanaipigia kelele seli ya kijani. Anga wazi inajaa urujuanimno na wadudu wengi wakitaka kutoroka wanaelekea huko. Kitu kinachoamsha seli ya bluu na kuziacha nyingine zimelala, hicho siyo jani na siyo anga. Kitambaa changu cha sokoni kilikuwa kinaamsha zote kwa pamoja. Kwa ndorobo nilikuwa nimetundika kichaka kingine kwenye kichaka.

Mbishi Mkuu

Subiri kwanza. Nyie mmejuaje mdudu anaona rangi? Labda anaona tu kitu cheusi zaidi na cheupe zaidi, kama TV ya zamani ya Chogo. Usitupige na nanomita hapa.

Ticha wa Porini

Ndo mabishano ninayoyataka haya. Hilo swali lako liliulizwa na profesa mzima wa macho, Carl von Hess kule Ujerumani, alishikilia kabisa kwamba nyuki haoni rangi. Akatokea kijana mmoja Karl von Frisch, mwaka 1914 akachapisha jibu lake. Alichukua meza akapanga makaratasi ya kijivu, kijivu za kila daraja kuanzia karibu nyeupe hadi karibu nyeusi, katikati akaweka karatasi moja ya bluu yenye kisahani cha maji ya sukari. Nyuki wakazoea. Akabadilisha, makaratasi mapya safi, bluu akaihamisha kona nyingine, visahani vyote vitupu. Nyuki wakaenda kwenye bluu moja kwa moja.

Sasa fikiria kama nyuki angekuwa anaona kwa ile TV yako, lazima ingekuwepo kijivu mojawapo inayofanana na bluu kwa mwangaza, angechanganya. Hakuchanganya. Alipojaribu na karatasi nyekundu wakaichanganya na nyeusi na kijivu cha giza. Huyo bwana 1973 akapewa Nobel, ingawa zaidi ni kwa ile ngoma ya nyuki.

Na kuna kitu nyuma yake ambacho wanafunzi wangu hunibishia kila mwaka. Seli moja yenye opsini moja haijui rangi hata kidogo. Inachojua ni nimepata fotoni ngapi. Bluu hafifu inayoipenda na kijani kali isiyoipenda sana vinaweza kuipa hesabu ileile. Lazima uwe na aina mbili angalau, ubongo ulinganishe. Kama umewahi kuendesha kesi ya ukoo, shahidi mmoja hakusaidii kitu, wanatakiwa wawili waliosimama sehemu tofauti.

Mbishi Mkuu

Sawa hapo umeniweza. Kwa leo.

Asali Sikonge

Mi ni mfugaji nyuki huku Tabora, mizinga yetu mingi ni ya magome na ya mbao, na nyuki wetu hawa wa Afrika mnawajua, hawana dogo. Tunarina usiku. Zamani nilikuwa natumia tochi ya kawaida nyeupe, ukifungua mfuniko tu wanaifuata tochi, wanakufuata wewe, wanaingia kwenye mikono ya shati, ni vita. Kuna mzee akaniambia funga karatasi nyekundu ya zawadi, ile inayopitisha mwanga, mbili au tatu juu ya kioo cha tochi. Nikajua ni imani tu. Nimejaribu, jamani, unafungua mzinga unawaona wanatembea polepole juu ya masega kama hakuna mtu. Wanauma bado wakiguswa, nisidanganye watu, lakini hawarukii mwanga.

Leo ndo naelewa, kumbe hawauoni. Wako gizani mimi niko kwenye mwanga.

Na nikuongezee ticha, ndo maana huku mibambangoma ile yenye maua mekundu ya kukaza unakuta ndege wamejaa, chozi wanachovya midomo, nyuki kidogo sana. Sijui kama mnaiita jina hilohilo huko, ule mti wenye miiba maua yanatoka kabla ya majani.

Ticha wa Porini

Asali Sikonge umenipa mfano wa darasani wa bure. Ndiyo, maua mekundu matupu mara nyingi ni biashara ya ndege. Ila kuna nyekundu za uongo, kuna maua tunayaona mekundu ila yanarudisha na urujuanimno, nyuki anayaona vizuri tu kwa njia hiyo. Na maua mengi ya njano ambayo kwetu ni njano mtupu kwa nyuki yana alama katikati, mduara wa giza kwenye nekta, kama mshale wa maegesho.

Greenhouse 254

Wasee wa TZ mambo. Sisi huku tunaita mbung'o, ndorobo kwetu ni watu kabisa, mnatuchanganya 😂

Nafanya kwa shamba la maua Naivasha, upande wa wadudu. Hii kitu tunaitumia kila siku na ukweli wengi wetu hatukuwahi kuuliza kwa nini. Ndani ya greenhouse tunatundika kadi za gundi, za njano ni za nzi weupe na vidukari, za bluu ni za thripi. Siku ya kwanza kazini supavaiza aliniambia tu njano ni ya hawa bluu ni ya hawa, usiulize. Sasa Ticha niambie, kwa nini kidukari apende njano na jani analokula ni kijani?

Ticha wa Porini

Hii ni tamu. Jani la kijani linarudisha kijani kiasi, linameza bluu. Kidukari anatafuta kitu ambacho seli yake ya kijani inaamka na ya bluu inalala. Sasa kadi ya njano inafanya nini, inarudisha kijani kingi kuliko jani lenyewe, na nyekundu pia ila hiyo yeye haimhusu, na bluu karibu hakuna. Kwa hesabu yake njano ni jani kuliko majani. Ni kama mtu ameweka bango la pilau lenye harufu kuliko pilau. Hana jina la njano kichwani, ana kijani kilichozidi.

Wakulima wa nyanya wanaosoma hapa wasiosumbuka kununua kadi, mfuniko wa ndoo ya njano umepakwa grisi unafanya kazi hiyohiyo kwa nzi weupe. Kwa kantangaze, yule nondo wa nyanya, usijaribu, yule ni wa usiku na wa harufu, ni habari nyingine.

Greenhouse 254

Na ile plastiki ya paa? Tuna nyumba mbili ziko na nailoni inayozuia UV na kweli nzi weupe ni wachache huko, nilidhani ni bahati.

Ticha wa Porini

Siyo bahati. Ukizuia urujuanimno, mle ndani kwa jicho la nzi mweupe ni giza la ajabu, hata kuingia haoni sababu. Ila ukitaka nyuki wachavushe humo nao wanapata shida, opsini zao moja kati ya tatu haina kazi.

Labu Teki

Nimesoma uzi wote, Ticha umejitahidi sana ila niruhusu nikusahihishe mawili matatu, nilifanya kazi na inzi wa matunda miaka kadhaa.

Kwanza, umeandika kama vile kila jicho la mdudu ni mfuko mmoja wa opsini. Jicho la nzi ni vijicho vidogo mia kadhaa hadi maelfu, kwa inzi wa matunda kama 750 hivi kila upande, na kila kijicho kina seli nane. Sita za nje zote zina opsini moja, kilele chake ni karibu 480, hizo ni za mwendo na mwanga hafifu, ndo zinakuona ukinyanyua kandambili. Mbili za katikati, moja juu ya nyingine, ndo za rangi. Ya juu inachukua urujuanimno, ya chini bluu au kijani. Na vijicho viko vya aina mbili, kama asilimia 30 aina moja na 70 aina nyingine, vimesambaa ovyo kama mahindi na maharage kwenye makande. Hakuna mpango. Kuna jeni moja inaitwa spineless ambayo kwenye kila kijicho inawaka au haiwaki kwa bahati nasibu, ikiwaka inakuwa aina hii isipowaka aina ile. Mimi siku niliyoelewa hilo nilikaa kimya nusu saa, yaani ramani ya rangi ya jicho zima imepangwa kwa kurusha shilingi.

Pili, sheria ya seli moja opsini moja inavunjwa. Vipepeo wengine wanachanganya mbili kwenye seli moja, hata inzi wa matunda sehemu ya juu ya jicho anafanya hivyo.

Tatu, hili nadhani watu watalipenda. Retinali yetu sisi ikishanyooka inabanduka, inapelekwa kukarabatiwa nje ya seli halafu inarudishwa, ndo maana ukitoka juani ukaingia ndani unakuwa kipofu kwa muda. Ya nzi haibanduki. Inabaki palepale imenyooka, ikisubiri fotoni nyingine iipige irudi kupinda. Na ile hali ya kunyooka inapenda mwanga wa rangi ya machungwa, karibu 570 au 580. Sasa angalia macho ya nzi yana rangi gani. Mekundu! Ile rangi nyekundu ni ya kuta zinazotenganisha vijicho, inazuia bluu na kijani visivuje kutoka jirani, lakini nyekundu na machungwa yanapita kila mahali. Kwa hiyo jicho zima linaogelea kwenye mwanga ambao nzi karibu hauoni lakini unamkarabatia opsini zake. Anajichaji kwa taa ambayo haimuumizi macho.

Kijana wa Buza

Dah. Nimekaa na nzi miaka 27 kwenye nyumba moja sikuwahi kumheshimu hivi.

Mama Sabuni

Labu Teki wewe ndo ungenifundisha fom tu nisingeishia kwenye cherehani. Swali, mdudu gani ana opsini nyingi kuliko wote?

Labu Teki

Ukihesabu jeni, kerengende. Mwaka 2015 Wajapani walihesabu aina kadhaa za kerengende wakakuta kati ya 15 na 33 kutegemea aina. Lakini hazitumiki zote kwa pamoja, nyingine ni za mtoto wake (lava) akiwa majini, nyingine za upande wa juu wa jicho unaoangalia anga, nyingine za chini unaoangalia majani na maji. Na kuna kipepeo wa Asia, Graphium sarpedon, wamemkuta na aina 15 za seli za mwanga, ila usidhani anaona dunia mara tano zaidi yako, nyingi ni za kazi maalumu na anatumia opsini chache zilizofunikwa na vichujio vya rangi. Ni kama fundi mwenye mkasi mmoja na vikasha kumi. Kuna mwingine upande wa pili, yule mdudu mwekundu wa unga wa sembe uliokaa, huyo opsini ya bluu aliipoteza kabisa. Anaishi ndani ya unga, bluu ya nini.

Mzenji Halisi

Assalaam alaykum. Niongeze tu kwamba sisi Unguja tulikuwa na mbung'o wetu aina ya austeni, na alikuwa mgumu kwa mitego hii mnayoisifu, haiji vizuri, wakawa wanatumia vibao vya rangi vilivyopakwa gundi ili kumhesabu. Aliyemaliza kazi ni yale madume yaliyotiwa utasa kwa mionzi, yakizalishwa Tanga yakimwagwa kwa ndege, mpaka ikatangazwa 1997 kisiwa kimesafika. Kwa hivyo rangi ni nusu ya maneno, kila mbung'o na jicho lake.

Ticha wa Porini

Waalaykum salaam sheikh, umenena. Hata wale wa kandokando ya mito Uganda na Kongo wanaosambaza malale kwa watu, wao wanakuja kwenye kitambaa kidogo cha sentimita 25 kwa 50 pamoja na neti yake, huku kwetu wa nyika unatakiwa kutundika kitu kikubwa cha kufikia mita moja ya mraba na zaidi, la sivyo hakuoni.

Dar Joto

Na mbu je? Mimi kila nikivaa fulana nyeusi naliwa.

Labu Teki

Wewe unaliwa kwa sababu nyingi mkuu 😂 ila siyo utani. Mwaka 2022 timu moja ya Marekani ilitoa utafiti wa Aedes, yule mbu wa mchana wa dengue. Bila harufu ya pumzi hajali rangi yoyote. Ukimpulizia kaboni dayoksaidi, ile tunayotoa puani, ghafla anaanza kufuata nyekundu, machungwa, nyeusi na ile bluu ya maji ya bahari, kijani na zambarau anazipita. Na ngozi ya binadamu, ya mtu yeyote mweusi mweupe, inarudisha sana mwanga wa upande wa machungwa na nyekundu. Pua inafungua jicho. Anofelesi wa malaria yeye ni wa usiku.

Fundi Mitego

Ticha hujamaliza hadithi. Ulinunua kitambaa gani mwisho? Mi nataka kushona nipeleke Kiteto, usituache na nanomita.

Ticha wa Porini

Nilijua mtafika hapo. Cha kitaalamu kinachosifiwa ni pamba iliyotiwa rangi inayoitwa thalojeni, ghali na kwa huku hakipatikani. Poliesta zipo nyingi na zinadumu juani, ila ndo hapo bluu inatofautiana.

Nilichofanya ni hiki, na mashine sina, shule yetu hata darubini ni moja na ina kioo kimepasuka. Nilichukua boksi la viatu, upande mmoja nikakata mwanya mwembamba kwa wembe, upande wa pili nikabandika kipande cha CD kwa kuinamisha, juu yake tundu la kuchungulia. Ukielekeza mwanya kwenye kitambaa kilichoanikwa jua la saa sita unaona ndani mwanga uliorudi umechanuliwa kama upinde wa mvua. Kitambaa changu cha kwanza, wanafunzi walichungulia mmoja mmoja, kina bluu ndiyo, halafu bendi nene ya kijani, halafu hata njano kidogo, halafu nyekundu. Yaani macho yetu yalikuwa yanajumlisha yote hayo na kusema bluu. Nikaenda sokoni na boksi langu. Muuza duka alidhani nimechanganyikiwa, namwambia fungua hiyo, itoe nje juani, hapana, hiyo nyingine. Kitambaa cha saba, bluu iliyoiva inayoelekea zambarau kidogo, nimechungulia, bluu kali na baada ya hapo giza, kijani kama kivuli tu. Urujuanimno siwezi kuiona kwa boksi, hapo nilibahatisha, nisiseme uongo.

Na nyeusi nayo nilibadilisha, ile ya kwanza ilikuwa nyeusi ya kupauka, baada ya wiki mbili juani ikawa kahawia.

Nimetundika minne tu, mahali palepale, mkojo uleule, dawa ileile. Siku ya tatu nikaenda na kijana mmoja wa kidato cha tatu tukatandika shuka jeupe chini tuhesabu vizuri. Mtego wa kwanza 31. Wa pili 19. Wa tatu mbuzi walikuwa wamekula kamba umeanguka. Wa nne tuliacha kuhesabu baada ya arobaini kwa sababu walio hai walikuwa wanaendelea kuja na kijana amevaa sweta la shule, bluu.

Mama Sabuni

Sweta la shule 😂😂😂 maskini. Ticha nipe kipimo cha huo mtego, bluu katikati au pembeni?

Ticha wa Porini

Wangu bluu katikati sentimita 60, nyeusi mbili pembeni thelathini thelathini, urefu mita moja, pindo nene juu upitishe fito. Acha nafasi chini isiguse nyasi. Na uzi wa kushonea usitumie mweupe, siyo kwa sababu ya nzi, mbuzi wanaufuata wanautafuna.